Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

Neno kwa wazazi na washarika waliopeleka mtoto chuoni mwaka huu. Somo: 1 Samweli 2:11–21



Ufikapo mwezi wa Oktoba, katika sharika zetu za mlimani Kilimanjaro huonekana jambo moja. Siku ya Jumapili, baada ya mahubiri, mchungaji huwaita mbele vijana waliochaguliwa kwenda chuo kikuu. Husimama pale wamevaa nguo zao njema, mama zao wakiwatazama kutoka mabenchini, nasi twawaombea. Ibada ikiisha hufanyika mnada nje. Ndizi, mayai, jogoo na debe la mahindi huuzwa. Na pengine mkungu mmoja hununuliwa na mtu wa kwanza, naye aurudisha uuzwe tena kwa wa pili, na wa tatu, hata nauli ya kijana ipatikane. Baada ya siku chache kijana hupanda basi alfajiri, na sanduku lake, na godoro lake limefungwa kamba. Basi likiisha kupita kona, watu wote hurudi nyumbani wakisema, "Sasa amefika."

Mnada huo ni jambo jema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mnada ni wa siku moja, na mwaka wa kwanza wa chuo una siku nyingi. Yule tunayesema amefika, kwa kweli ndipo kwanza anaondoka. Basi yatupasa kujiuliza: ni nini kazi yetu sisi tuliobaki nyumbani, baada ya basi kwenda zake?

Tusome habari za Hana. Mama huyu alikaa miaka mingi bila mtoto, akamlilia Bwana huko Shilo hata kuhani Eli akadhani kwamba amelewa. Bwana akamsikia, naye akamzaa Samweli. Na mtoto alipokwisha kuachishwa ziwa, Hana akamleta nyumbani mwa Bwana, akamwacha huko kama alivyoweka nadhiri. Habari ingaliweza kuishia hapo. Mtoto ametolewa, sala imefanywa, shukrani zimeimbwa, wazazi wamerudi Rama. Lakini Maandiko yanaongeza neno dogo, ambalo twalipita upesi tusomapo: kwamba kila mwaka mama huyo alimshonea mwanawe kanzu ndogo, akamletea mwenyewe alipopanda Shilo pamoja na mumewe kutoa dhabihu.

Fikirini, ndugu zangu. Mtu amshoneaye nguo mtoto asiyemwona kila siku, afanyaje? Hawezi kutumia kipimo cha mwaka jana, kwa maana mtoto amekua. Namwona Hana ameketi Rama, kitambaa magotini, akijiuliza: Mabega yake sasa yamefika wapi? Mikono yake imerefuka kiasi gani? Pengine alimwuliza msafiri aliyetoka Shilo. Wala hakuwa mtu asiye na kazi nyingine, maana Bwana alimpa baadaye wana watatu na binti wawili. Tena hakumrudisha Samweli nyumbani; alikuwa amemtoa kweli kweli. Alimwachilia mtoto wake, lakini hakumwacha. Katika maneno hayo mawili, kumwachilia na kutomwacha, iko kazi yote ya mzazi wa mwanafunzi.

Nataka kuyasema mambo matano.

Kwanza: Kanzu hukatwa kwa kipimo cha leo.

Wengi wetu twamshonea kijana kanzu kwa kipimo cha kidato cha sita. Huko alikuwa wa kwanza au wa pili darasani. Walimu walimjua kwa jina. Kengele ilimwamsha, kengele ikamlaza. Na asipoonekana darasani aliulizwa. Twadhani kwamba chuoni ni vivyo hivyo, ila majengo ni makubwa zaidi. Sivyo. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Bila shaka kila mmoja alijulikana. Leo katika vyuo vyetu vikubwa kijana wa mwaka wa kwanza aweza kuketi katika ukumbi mmoja na mamia ya wenzake, na kila mmoja wao alikuwa wa kwanza au wa pili mahali alipotoka. Asipohudhuria leo, hakuna amwulizaye. Akikaa kitandani wiki nzima kwa huzuni, kengele haitalia.

Tena yatupasa kujua jinsi mwaka wenyewe unavyokwenda. Mwaka wa masomo una mihula miwili, na kila muhula una mitihani yake. Katika vyuo kadha wa kadha, alama 40 katika 100 hutoka katika majaribio na kazi za katikati ya muhula, na 60 katika mtihani wa mwisho. Maana yake ni kwamba kijana aliyelala Novemba na Desemba hawezi kuamka Februari na kuyalipa yote. Anayeshindwa somo hupewa mtihani wa marudio, nao wanafunzi huuita "sapu". Na yule ambaye wastani wake haukufikia kipimo cha chuo huondolewa kabisa, nao husema "amedisko". Wazazi wengi hawayajui maneno haya mpaka siku yanapoingia katika nyumba yao.

Labda mzazi mmoja atasema, "Mimi sikusoma chuo, nitamwuliza nini mtu aliyenipita?" Hana naye hakuwa kuhani, wala hakujua kazi ya taa na madhabahu aliyofundishwa mwanawe. Lakini alijua mabega. Huna haja ya kujua sheria wala uhandisi ili kuuliza: Unalala chumba kimoja na nani? Mwalimu yupi unamwelewa, na yupi humwelewi? Jaribio la kwanza lilikuwaje, nawe ulifanya nini baada yake? Jana ulikula nini? Jumapili uliabudu wapi? Maswali kama haya hayajibiwi kwa neno moja. Lakini ukiuliza tu, "Masomo yaendaje?" utajibiwa, "Vizuri," nawe utakata simu ukiwa hujui neno.

Pili: Fedha na ihesabiwe mezani, kabla ya safari.

Wengi wetu katika mlima huu tulisomeshwa kwa kahawa, iliyouzwa kwa KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933. Mtoto aliiona kahawa ikichumwa, akaibeba, akaianika. Alijua ada yake imetoka mti gani. Siku hizi vijana wengi husoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004. Huo ni msaada mkubwa, nao umewafungulia mlango watoto wa maskini ambao kahawa ya baba zao isingaliwafikisha. Lakini si wote waupatao, wala si wote waupatao kamili. Wengine hupewa sehemu ya ada tu. Tena fedha ya chakula na malazi, ambayo vijana wameipa jina la "bumu", huja kwa mafungu, na pengine hukawia. Siku ifikapo, kijana wa miaka ishirini hupata mkononi fedha nyingi kuliko alizopata kushika maisha yake yote. Na baada ya majuma machache hushinda na chai.

Kwa hiyo, kabla ya basi, baba na mama waketi mezani pamoja na kijana, na kalamu na karatasi. Waandike: ada ni kiasi gani, Bodi inatoa nini, nyumba itatoa nini, na wakati gani. Mzazi aseme kweli. Kama unaweza elfu hamsini kwa mwezi, sema elfu hamsini, wala usiseme laki moja ili uonekane baba mwema. Kwa kuwa kijana atapanga maisha yake juu ya laki moja usiyokuwa nayo. Tena mwambie wazi kwamba mkopo ni deni: siku atakapoajiriwa, sehemu ya 15 katika 100 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi hata deni liishe. Ahesabu tangu leo kama mtu aliyekopa, wala si kama mtu aliyepewa.

Nami nina neno gumu kwa wazazi wenzangu. Wako wanaosubiri siku ya bumu kuliko mwanafunzi mwenyewe. Hupiga simu wakisema: "Mwanangu, mdogo wako amefukuzwa ada," au, "Bati la jikoni limeng'oka." Kijana mwenye moyo mwema hawezi kukataa. Hutuma, halafu hukopa chakula. Najua shida za nyumbani ni za kweli. Lakini Hana alipanda Shilo akiwa amebeba kanzu mkononi. Hatusomi kwamba alirudi na kanzu ya mtoto. Katika mwaka wa kwanza, mwacheni ale fedha ya chakula chake. Wala msiuze sehemu ya kihamba kwa siri ya ndugu zake ili kumsomesha mmoja. Maana Bwana amewapa na wale wengine, nanyi mtaulizwa habari zao.

Tatu: Shilo kulikuwa na uma wenye meno matatu.

Twadhani Samweli alipelekwa mahali pa salama, kwa kuwa palikuwa nyumba ya Bwana. Someni sura yote. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, walikuwa wakitenda kazi mle mle. Mtumishi wao alikuja na uma wenye meno matatu, akauchoma chunguni, na kila kilichonaswa akakichukua. Na aliyekataa alitishwa kunyang'anywa kwa nguvu. Zaidi ya hayo, waliwaharibu wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Katika nyumba hiyo mtoto mdogo alilala na kuamka. Hana hakuwa mjinga; habari hizo zilikuwa zikisemwa na watu wote. Lakini hakumfunga mtoto nyumbani kwa ajili ya hofu, wala hakujifanya hajui.

Uma huo uko hata leo, nao una meno yake. Jino la kwanza ni michezo ya kamari katika simu. Kijana huweka elfu moja akapata elfu kumi, akadhani amepata kazi; kabla mwezi haujaisha ameweka ada. Jino la pili ni mikopo ya haraka ya simu, itolewayo bila kuuliza neno, na kudaiwa kwa aibu na matisho. Jino la tatu ni watu wazima wanaonunua miili ya vijana wenye njaa. Kuna wa mtaani mwenye gari na zawadi. Kuna pengine hata mwalimu asemaye kwamba alama zitapatikana chumbani kwake. Hao wa mwisho ndio wana wa Eli hasa, kwa maana wanatumia kiti walichopewa kwa kazi njema. Binti zetu, na wana wetu pia, wajue kwamba jambo hilo si desturi ya chuo ya kuvumiliwa: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalihesabu kuwa kosa la jinai, na TAKUKURU hupokea taarifa zake.

Lakini sheria haiwezi kumsaidia binti anayemwogopa baba yake kuliko anavyomwogopa mwovu. Basi mama, na wewe baba, semeni neno hili kwa vinywa vyenu kabla hajaondoka: "Mtu akikutaka hivyo, niambie mimi. Sitakuuliza ulivaa nini, wala sitakulaumu. Nitakuja." Wako waliokaa kimya wakaangamia kwa sababu neno hilo halikusemwa nyumbani mwao.

Nne: Samweli alihitaji Eli.

Bwana alipomwita Samweli usiku, mtoto hakuitambua sauti. Mara tatu alimkimbilia Eli. Hana alikuwa mbali Rama. Usiku ule hakuweza kumsaidia mwanawe kwa lolote. Alikuwapo mzee aliyelala karibu, macho yake yamefifia, tena mzee aliyeshindwa na wanawe mwenyewe. Hata hivyo ndiye aliyetambua na kumwambia mtoto namna ya kuitika. Naona hapa faraja kubwa kwetu sote. Mungu hakungoja mtu mkamilifu. Alimtumia mzee aliyekuwa karibu, ambaye mtoto hakuogopa kumwamsha usiku.

Kumbukeni habari za Dk. Martin Luther alipokuwa mwanafunzi. Mwaka 1498 alikuwa Eisenach, kijana wa shule, akiimba milangoni pamoja na wenzake ili wapate mkate, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa siku zile. Yasimuliwa kwamba mama mmoja wa nyumba ya Cotta alimpokea mezani pake. Mama huyo hakujua kwamba anamlisha mtu ambaye jina lake lingetajwa mpaka katika vihamba vyetu. Alimwona kijana mwenye njaa tu. Na Luther mwenyewe alipokuwa mtu mzima hakusahau. Mwaka 1524 aliwaandikia wazee wa miji ya Ujerumani kuhusu kuanzisha shule, na mwaka 1530 alitoa hotuba nzima ya kuwahimiza wazazi wasiwatoe watoto shuleni. Shule kwake ilikuwa kazi ya Kanisa zima.

Basi nasema na ninyi, wainjilisti na wazee wa kanisa. Kijana anapoondoka, aandikiwe barua ya utambulisho kwa usharika ulio karibu na chuo chake, nanyi mpigieni simu mchungaji wa huko. Msimwachie kijana kuibeba barua mfukoni mpaka ichakae. Mwelekezeni kwenye umoja wa wanafunzi Wakristo chuoni, na kwa mchungaji wa wanafunzi kama yupo. Tena kiwepo kitabu cha majina katika kila mtaa, ili katika sala ya Kanisa wanafunzi watajwe mmoja mmoja. Tukisema "wanafunzi wetu wote" kwa jumla, ni rahisi kumsahau kila mmoja wao.

Nanyi washarika mnaokaa karibu na vyuo, pale Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, Iringa, Arusha na kwingineko: tazameni benchi la nyuma. Yule kijana mgeni, ambaye huondoka upesi baada ya baraka kwa kuwa hajui amsalimu nani, ni mtoto wa mtu. Mwalikeni ale ugali nanyi Jumapili moja kwa mwezi. Labda usiku mmoja atawahitaji, naye atajua mlango wa kugonga.

Tano: Siku atakapoanguka.

Neno hili nimeliweka mwisho, kwa kuwa ni langu mwenyewe, nami nalisema kwa aibu.

Mwanangu wa pili alikwenda chuo fulani miaka michache iliyopita. Nilimleta mbele ya usharika, nikamtaja jina, nikasema habari za alama zake. Watu wakapiga makofi; mnada ukavuka kiasi tulichotaka. Kila Jumapili jioni nilimpigia simu. Nilimwuliza mambo mawili: "Fedha imefika? Masomo yaendaje?" Naye alinijibu, "Vizuri, baba." Mama yake alikuwa akiniambia, "Sauti ya mtoto imebadilika," nami nilimjibu kwamba kijana amekuwa mtu mzima.

Alipokuja likizo alikuwa kimya. Mwaka wa pili ulipofika nilimpa nauli na fedha, akapanda basi na sanduku lake kama mwaka wa kwanza. Ilipita miezi miwili. Ndipo kijana mwingine wa usharika wetu, asomaye mji ule ule, alipokuja kwangu usiku, akaketi muda mrefu bila kusema, halafu akaniambia: mwanangu hayumo chuoni. Muhula wa kwanza alishindwa masomo manne; wa pili hakuweza tena kuketi darasani; chuo kilikuwa kimemwondoa tangu mwisho wa mwaka ule. Alikuwa akilala sakafuni katika chumba alichopanga rafiki yake, na kila Jumapili alitoka nje barabarani kuipokea simu yangu, ili nisisikie sauti za watu wa chumbani.

Nilikwenda. Njia nzima katika basi nilikuwa nikitunga maneno, na maneno yale yalikuwa makali. Nilijua na maandiko ya kuyatia nguvu. Nilikuwa na Amri ya Nne tayari mdomoni. Nilipomwona mlangoni, shati nililomnunulia kwa safari ya kwanza lilikuwa likimning'inia mabegani kama la mtu mwingine. Nikayasahau yote niliyotunga. Nilimwuliza tu, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?" Akatazama chini, akasema, "Baba, ulinitangaza kanisani."

Tangu siku ile nimeihubiri Amri ya Nne kwa namna nyingine. Inawaamuru watoto wawaheshimu baba na mama. Lakini Luther katika Katekisimo Kubwa yake ya mwaka 1529 aliwakumbusha na wazazi, kwamba mamlaka yao wamepewa kwa ajili ya kumlea mtoto, si kwa ajili ya kujisifia. Mimi nilikuwa nimemshonea mwanangu kanzu ya fahari yangu, wala sikuuliza kama inamtosha. Naye alisema uongo, nalo ni kosa lake, tumeliungama pamoja mbele ya Mungu. Lakini mimi ndimi niliyeifanya kweli iwe ghali mno kwake.

Hata baba yake Luther aliijua njia hii. Hans Luther, mtu wa machimbo ya shaba, alijinyima ili mwanawe asome Erfurt, alikoingia mwaka 1501. Alitaka awe mwanasheria. Mwaka 1505 Martin akaacha sheria, akaingia utawani bila ruhusa ya baba yake. Hans alikasirika sana. Hata hivyo, mwaka 1507, mwanawe alipoongoza misa yake ya kwanza, alifika na wenzake na sadaka yake, akaketi mezani, ingawa moyo wake haukuwa umetulia, naye alilisema jambo hilo pale pale mezani. Natamani wazazi tujifunze hapo: si lazima uwe umekwisha kupoa ndipo uende kwa mtoto. Nenda ukiwa bado umeumia. Lakini nenda.

Mwanangu alirudi nyumbani. Jumapili ya kwanza sikumwita mbele. Nilisimama mimi, nikawaambia washarika kwamba tulikosa, nikawaomba wasimwulize njiani. Wengi walitii. Mzee mmoja alileta mkungu wa ndizi mlangoni, akaenda zake bila neno. Kijana alikaa nasi mwaka mzima, akilima kihamba na kukamua ng'ombe, naye aliomba tena nafasi katika chuo kingine, kozi nyingine aliyoichagua mwenyewe. Sasa yuko mwaka wa pili. Sijui atamaliza namna gani. Lakini siku za Jumapili hunipigia yeye, na pengine hunieleza jambo ambalo hakulifanya vizuri, nami husikiliza mpaka mwisho.

Wapendwa, mwaka huu tumewatoa vijana wetu tena. Kabla jarida hili halijafungwa, kila nyumba yenye mwanafunzi na ifanye mambo machache haya. Mpigieni simu juma hili, msiulize alama kwanza. Mtajieni jina la mtu mmoja mzima, aliye karibu naye, ambaye aweza kumwamsha usiku. Mwambieni, kabla hajaanguka, kwamba akianguka njia ya nyumbani iko wazi, na kwamba hamtaificha aibu yake kwa kumficha yeye. Na nyumba isiyo na mwanafunzi imchukue mmoja katika kitabu cha majina, imwombee na kumtumia hata senti ya vocha, maana ni mtoto wa ubatizo wetu sote.

Hana hakuishi Shilo, wala hakuweza kumlinda mwanawe usiku. Yale aliyoweza aliyafanya: alipima, akashona, akapanda mlima na kanzu mkononi. Yaliyobaki Bwana aliyatenda, na mtoto akakua mbele zake.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwita Samweli kwa jina lake gizani, uwaite vijana wetu walio mbali nasi, nao wapewe watu wa kuwafundisha kuitika. Uwaokoe na uma wa waovu. Utusamehe sisi wazazi tuliowapenda kwa ajili ya sifa zetu. Utupe macho ya kuona wamekua kiasi gani, na miguu ya kuwaendea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.